Neno Safari, na Lile Jibu Lako la "Mzima"

Nasia mwanangu,

Ningekuwa naandika kama watu wanavyoandika, hapa juu ningesema mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali. Leo siwezi. Wewe hujawa mbali hata kidogo, umepanda tu huko juu na mama yako kwenda kumuaga bibi, na hofu yote iko huku kwangu. Nimekaa kwenye kigogo nje ya jiko. Kalamu ni yako, nimeitoa kwenye sanduku lako, nitairudisha. Ng'ombe ananikodolea macho kwa sababu majani yake bado sijakata. Jua bado lipo. Nataka nimalize kabla hamjarudi.

Ya sabuni, na ya kutoazima kitana cha mtu, na ya kushona noti kwenye upindo wa sketi, mama yako ameshasema mpaka sauti imemkauka. Mimi sina la kuongeza huko. Mimi nina neno moja. Najua sasa hivi unacheka, unasema "baba na maneno yake." Cheka tu. Darasa la nne ndipo nilipoachia shule, kwa hiyo maneno nimeyaokota njiani, kwa wageni wa mlimani, kwa wapishi, kwenye magazeti ya kufungia nyama. Likinishika moja silali. Na hili limenishika tangu siku ile tulipoambiwa umechaguliwa kwenda sekondari Tabora.

Neno lenyewe ni safari.

Hapa nyumbani safari ni kitu kidogo tu, siyo? Unakwenda mfereji kuchota maji, unasema nimekwenda safari mbili. Mama yako akikasirika anakwambia "safari hii sikuachi." Hakuna mtu anayeliogopa. Lakini mimi nililiogopa tangu sijaota meno ya mbele, maana kwenye nyumba ya bibi yako lilikuwa na maana moja tu: baba hayupo.

Babu yako aliondoka akipitia Tarakea, akaingia Kenya kutafuta kazi. Nilikuwa mdogo, namkumbuka mgongo tu na koti. Nikiuliza baba yuko wapi, bibi yako anajibu, "Yuko safarini." Krismasi inafika, watu wote wa kihamba, shamba letu la ukoo, wanarudi, wa Nairobi, wa Tanga, wa wapi, mbuzi anachinjwa, nyama inagawanywa kila mtu na fungu lake kama unavyojua. Fungu la babu yako nalo linakatwa. Bibi anapokea, analitundika juu ya jiko kwenye moshi. "La baba yako. Yuko safarini." Linakauka pale, linakuwa jeusi, Krismasi nyingine inakuja, linakatwa jipya. Mimi nikadhani safari ni jina la mahali. Nilidhani ni mji, uko nyuma ya Rombo, na watu wakifika pale wanasahau kwao.

Na majirani wakiuliza, "Mzee hajambo huko aliko?" bibi yako anajibu haraka, "Hajambo, mzima kabisa." Hana habari hata moja! Anajibu tu.

Halafu ikaja barua. Moja, ndiyo pekee. Babu yako hakujua kuandika, aliandikiwa na mtu. Ikasomwa kwa mwalimu wa kanisani, sote tumesimama. "Mimi ni mzima wa afya, sijui ninyi huko nyumbani." Bibi yako akapiga vigelegele. Tukala vizuri siku ile. Mvua zilizofuata, mtu wa Tarakea aliyekuwa naye kule akaja kutupa pole, akashangaa kukuta hatuna habari za msiba. Akasema, "Siku ile anaandikiwa barua alikuwa amelala chini, anatema damu. Mwandishi akamuuliza, niandike unaumwa? Akasema hapana, andika kama watu wanavyoandika."

Sijawahi kukuambia hii. Bibi yako hapendi isemwe. Lakini ndiyo maana leo nimeshindwa kuanza kama watu wanavyoanza.

Sasa ngoja, nisikutie huzuni tupu, maana neno hili pia limenichekesha. Nilipoanza kubeba mizigo ya wageni mlimani, nikakuta Wazungu nao wanalo! Nikafurahi, nikaona tumekuwa ndugu. Siku moja mgeni mmoja, mzee mwekundu kama nyanya, akaniuliza nyumbani kuna nani. Nikamwambia mama yangu leo ana safari, anakwenda Bomang'ombe. Akasimama, macho yamemtoka.

"Mama safari? Mama kuona simba?"

"Hapana bwana. Kuona bei ya maharage."

Hakuelewa hata kidogo. Kumbe wao walilichukua kwetu, wakalipeleka kwao, likafika kule limebaki na wanyama tu. Hakuna kuaga, hakuna fungu la nyama kwenye moshi. Kwao safari ni raha, ukimaliza unaonyesha picha. Niliwaonea wivu, kusema kweli. Nilifikiri, laiti nami ningelisikia neno hili nikaona twiga.

Mzee Karsan, yule wa duka la vitambaa mjini, aliyekushonea sare kwa bei ya huruma, yeye analo la kwao. Kigujarati. Wanasema safar. Juzi nilipokwenda kuchukua sketi zako nikamuuliza, akaacha kupima kitambaa.

"Wewe bwana huchoki? Mwenzako anauliza bei, wewe unauliza maneno."

"Niambie tu mzee wangu."

Akaniambia kwao safar ni ya kwenda mbali, hasa ile ya kuvuka maji. Mama yake alikuwa akilisikia analia kwanza, akimaliza kulia anaingia jikoni kukaanga mikate ya njiani. Na mtu kabla hajavuka kizingiti analishwa kijiko cha maziwa mgando na sukari, ndipo atoke. Nikamwambia sukari yenyewe iko wapi siku hizi, tunapanga foleni mpaka miguu inavimba. Akazunguka nyuma ya pazia, akarudi na kidogo kwenye kipande cha gazeti. "Ya binti yako. Asitoke na mdomo mkavu." Iko kwenye kibweta, usimwambie mama yako, ataitia kwenye chai.

Unaona? Neno moja. Kila nyumba linakaa na uso wake. Lakini aliyenionyesha lilikozaliwa ni Omari, na ndiye hasa ninayetaka kukuambia habari zake.

Omari alikuwa mpishi wetu mlimani, mtu wa Pangani, alisoma chuoni, chuo cha Kurani, mpaka akakijua Kiarabu vizuri. Mnene, mpole, anaogopa baridi kuliko mtoto. Mimi nilikuwa ndio nimeanza kubeba, wewe umeanza kutambaa. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: wapagazi wengi, mizigo michache. Ukisema kichwa kinauma, unashushwa, na safari nyingine huitwi. Kwa hiyo sisi sote tulikuwa wazima. Kiongozi anauliza asubuhi, "Vipi vijana?" Tunajibu kwa pamoja kama kwaya, "Wazima!" Mwingine hapo ametoka kutapika nyuma ya jiwe, amefukia kwa kiatu.

Safari ile, tangu kambi ya Horombo kichwa changu kilikuwa kinapasuka. Nikanyamaza. Tukavuka ule uwanda wa juu usio na kitu, upepo na mawe, nikatapika, nikafukia. Omari akaniuliza, "Wewe vipi?" Nikasema mzima. Tukafika kwenye kibanda cha mwisho chini ya kilele cha Kibo, bado mchana, jua kali na baridi kali kwa pamoja. Nikaanza kucheka. Sijui nilicheka nini. Nikaweka mzigo chini, nikaubeba tena, nikauweka tena. Kifuani mwangu kulikuwa na kitu kinatokota kama maji ya ugali.

Omari akaacha sufuria yake, akaja akanishika mashavu na mikono yote miwili.

"Unaitwa nani?"

Nikamtajia.

"Mtoto wako anaitwa nani?"

Nasia. Nilikutafuta. Nilijua kuna mtoto, niliona kabisa mguu wako mdogo na shanga kiunoni. Jina sikulipata. Nilirudi nyuma nikaenda mbele kwenye kichwa changu, kama mtu anayepapasa kiberiti gizani, sikulipata. Na hata hapo, hata hapo, unajua nilisema nini? Nikasema, "Mimi mzima, mpishi."

"Mzima nini, mbwa wewe," Omari akasema, na huyu ni mtu hatukani. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Alinivua mzigo, akanifunga mkanda wake kiunoni, akanishusha, ananikokota kama mbuzi wa sokoni. Yeye mwenye hofu ya baridi, ameacha koti lake kule juu. Kila tukishuka kidogo anauliza. "Mtoto anaitwa nani?" Sijui. Tunashuka. "Mtoto anaitwa nani?" Sijui, Omari. Nikaanza kulia. Ndipo tukakaribia yale mabonde yenye miti ile minene kama wazee wamevaa magome, na jina likanijia lenyewe, halijaitwa wala sijaulizwa. Nikapiga kelele, "Nasia! Nasia!" Wageni waliokuwa wanapanda walidhani namwita mtu aliyepotea.

Omari akaketi chini kwenye jiwe, akacheka huku anatetemeka. Ndipo akaniambia. Akasema neno safari limetoka kwenye Kiarabu, safar, na kule lina ndugu zake. Mwanamke akifunua uso, ni neno la ukoo huo huo. Kukipambazuka, giza likifunuka, ni ukoo huo huo. Na wazee wake chuoni walimfundisha kwamba safari imeitwa hivyo kwa sababu inamfunua mtu. Nyumbani unaweza kujificha, njiani huwezi.

Mimi, unavyonijua, kichwa bado kinaniuma lakini nikadakia, "Basi na sufuria! Maana nayo inafunuliwa!"

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Hapana, bwana. Hiyo imetoka kwenye neno lao la shaba, herufi yake nyingine. Sasa nimejua umepona." Halafu akaacha kucheka. "Lakini wewe safari imeshakufunua. Imekuonyesha kuwa wewe ni mwongo. Ulikuwa tayari kufa na ule uongo mdomoni kama mtu anayekufa na chakula."

Nimelibeba neno hilo tangu siku ile. Nikawa kiongozi wa wageni baadaye, na wapagazi wangu siwaulizi "vipi vijana." Nawauliza mmoja mmoja, pembeni: mtoto wako anaitwa nani, jana ulikula nini, nionyeshe ulimi. Na nimesema, anayeshuka kwa ugonjwa safari ijayo ndiye wa kwanza kuitwa. Sikupoteza hata kijana mmoja.

Lakini nyumbani kwangu mwenyewe, Nasia, nilifanya kinyume. Huyu mtu mwerevu wa mlimani.

Unakumbuka ulipojikata na panga, tunakata majani ya ng'ombe kule bondeni? Damu ilijaa kiganja. Hukulia. Ulifunga jani la mgomba juu yake, ukaendelea. Na mimi nikakubeba mabegani mpaka kilabuni, nikawaambia wote walioshika vibuyu vya mbege, "Tazameni huyu! Hakulia! Huyu ni dume!" Wakakupigia makofi. Nilikuona ulivyotazama. Mtoto mdogo, umekaa juu ya mabega ya baba, watu wazima wanakupigia makofi kwa sababu umenyamaza. Ningekuwa wewe, nami nisingelia tena maisha yangu yote.

Na hujalia. Darasa la tano umefanya mtihani na malaria, tumejua jioni ulipoanguka mlangoni. Nikamwambia mama yako, "mtoto mvumilivu." Mama yako akaniangalia tu. Mimi nikaona amekubali. Sasa ndio naona hakukubali.

Haya, nimefika. Nilikuwa nazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, lakini nimefika.

Juzi usiku nilikusikia. Na jana tena. Ukuta wetu ni mbao, unajua. Kifua chako kinapiga filimbi. Unavuta pumzi, inaingia kidogo, inakwama. Halafu unakohoa ndani ya blanketi, taratibu, ili tusisikie. Mama yako akilala halala, anakufa, hakusikia. Asubuhi hii nilikukuta umeshika mgomba kwa mikono yote miwili, umeinamisha kichwa, mabega yanapanda na kushuka. Ukaniona. Ukaanza kuimba! Wimbo wa jumuiya, pumzi huna, unaimba! Nikakuuliza, "Nasia, vipi?"

"Mzima baba."

Sauti ile ile. Ya kwangu kule juu. Ya bibi yako mbele ya majirani. Nikajifanya natafuta jembe.

Najua kwa nini unaficha. Unaogopa nikijua nitasema usiende. Unaogopa nafasi itachukuliwa, na hapa kijijini ni wewe na mwenzako mmoja tu mliochaguliwa, na bibi yako ameshatangaza kanisa zima. Naelewa. Mimi nami niliogopa kuachwa nyuma, kwa hiyo naelewa mpaka ndani ya mifupa.

Lakini ngoja nikuambie ninachokiona nikifumba macho. Naona basi la Dodoma, vumbi la Kondoa linaingia dirishani, wewe umefunika mdomo na khanga. Naona treni. Naona bweni, wasichana wageni, taa imezimwa, na kifua chako kinapiga ile filimbi, na mwalimu wa zamu anapita na tochi, anauliza, "Wewe vipi?" Na hakuna Omari pale. Hakuna mtu wa kukushika mashavu. Naona barua inafika huku, naifungua, mama yako yuko begani kwangu, nasoma "mimi ni mzima wa afya," na mama yako anapiga vigelegele. Hapo ndipo nafumbua macho, Nasia. Hapo siwezi kuendelea kutazama.

Kwa hiyo sikiliza nilivyofikiri. Siwezi kukufunua mimi. Ningeweza kumwambia mama yako sasa hivi, akakushika, akakupaka mafuta kifuani, kelele ikajaa kihamba chote, na wewe ungenichukia na ungejifunza kuficha vizuri zaidi. Nataka useme mwenyewe. Kabla ya basi. Mara moja tu, kwa mdomo wako, hapa nyumbani, mahali ambapo ni rahisi.

Na hii ni ahadi, naiandika ili uishike mkononi: ukisema unaumwa, safari haifi. Hakuna wa kukufungulia sanduku. Kesho tunashuka mjini mapema, tunapitia hospitali kwanza, wakusikilize kifua, wakupe dawa. Basi likituacha tutapanda la siku inayofuata. Na mimi ninapanda na wewe, mpaka Tabora, mpaka mlangoni. Wageni wa wiki ijayo nimeshamwachia mwenzangu awapeleke, mlima hauhami. Nitamtafuta mwalimu mkuu, nimwambie mwenyewe: huyu ana kifua, na ana ugonjwa mwingine mbaya zaidi wa kusema mzima, tafadhali umuulize mara mbili. Utaona haya. Ona tu. Wenzako watacheka baba yako anavyoongea kwa mikono. Wacheke.

Na ukifika kule usiniandikie kama watu wanavyoandika. Anza popote. Anza na "baba, uji una wadudu." Anza na "baba, nimelia jana." Nikisoma umelia nitalala usingizi, nakuapia. Nikisoma mzima sitalala.

Nawasikia sasa, mnateremka. Mama yako anacheka kitu, bibi naye anawafuata anapiga kelele kuhusu ndizi za kubeba. Wewe sikusikii. Labda unahema.

Nitaiweka barua hii kwenye kiatu chako kimoja cha shule, maana najua utavijaribu tena kabla ya kula. Kisha nitashuka bondeni kukata majani, pale pale ulipojikata. Sitakwenda mbali, na sitarudi haraka. Njoo huko. Mama yako mwambie umekuja kunisaidia kubeba mzigo, na itakuwa kweli.

Sitakuuliza "vipi," nimeapa. Nitakuuliza lile swali la Omari, kwa namna yangu: kifua kinasemaje, mama? Wewe jibu tu. Ukijibu vibaya nitafurahi mpaka utashangaa. Ukisema mzima, nitakuamini mbele za watu kama nilivyomwamini babu yako, na hapo ndipo nitaogopa kweli.

Panga liko kwangu, usije na jingine.

Baba yako